Bunduki ya Mwenyekiti

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, dereva wa Mwenyekiti wa baraza aliingia karakana ya bunduki akiwa na mfuko mrefu wa ngozi begani na kikombe cha chai mkononi. Aliulaza mfuko juu ya meza ya kazi, akauliza kama kuna sukari, akaambiwa imekwisha, akainywa chai yake hivyo hivyo huku amekunja uso. Halafu akasema kwamba Mwenyekiti anastaafu mwisho wa mwezi, baraza limejenga ukumbi mpya, na bunduki hii itakaa ukumbini humo ndani ya sanduku la kioo. Isafishwe, ikaguliwe, iandikiwe hati.

"Anaitaka lini?" Fundi akauliza.

"Ijumaa. Na amesema uishike kama unashika yai."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye mikono mikubwa na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo. Kazi aliirithi kwa baba yake, ambaye bado alikuwa hai na alikaa naye katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana. Mzee hakushika tena tupa wala bisibisi, maana macho yalikuwa yamemwishia kwenye vyuma vidogo vidogo, lakini kila siku alileta kiti chake mlangoni akakaa akisikiliza. Kwa sauti tu aliweza kusema skrubu ipi imekazwa kupita kiasi.

Dereva alipoondoka, Fundi alifungua mfuko.

Ilikuwa bunduki ya kuwinda ya zamani, ya wenzo, yenye umri mkubwa kuliko baba yake. Mtutu ulikuwa wa pande nane. Kitako kilikuwa cha mti wa mjozi, kimeng'arishwa na mashavu na viganja vya watu waliokwisha kufa. Chini ya kifyatulio palikuwa na ule wenzo wenyewe, mkono wa chuma wenye tundu la vidole. Ukiusukuma chini ukaurudisha juu, ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje na risasi mpya inaingia mahali pake, na chuma kinalia mara mbili, kwa sauti ya mtu anayefunga sanduku zuri. Bunduki za siku hizi hazina sauti hiyo. Ilikuwa nyembamba, haina vitu vya kuning'inia, na ukiibeba kwa mkono mmoja katikati, inatulia yenyewe bila kuelemea mbele wala nyuma. Fundi alikuwa ametengeneza bunduki maisha yake yote na hakuwa na hamu ya kumiliki hata moja, ila hii angeitaka.

Kasoro zake alizijua pia. Risasi hukaa kwenye mrija chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo lazima ziwe butu, kwani yenye ncha inaweza kuilipua iliyo mbele yake. Risasi butu huchoka upesi hewani, na mnyama aliye mbali anaweza kumalizia kutafuna majani yake. Maganda hutokea juu, kwa hiyo darubini haifungiki. Ukilala kifudifudi, wenzo unagonga ardhi. Tena bunduki za umri ule hazina kufuli la usalama. Zina nyundo tu, yenye kituo cha katikati cha kuizuia isigonge, pengo dogo kama jino la mtoto, na pengo hilo likilika, mtu hubeba kifo chenye unywele mmoja wa kukishikilia. Jambo la mwisho ni la mrija: risasi iliyoingia mwisho ndiyo hutoka kwanza.

Alipoifungua aliona nyundo si ya asili. Ilikuwa imechongwa kwa mkono, kwa ustadi, na ubavuni ilikuwa na alama ya baba yake, nyota ndogo ya miguu minne, na mwaka. Alifurahi kuona kazi nzuri hivyo. Akaifuta kwa mafuta, akairudisha.

Kisha akasukuma wenzo ili asikilize chuma. Ganda tupu likaruka, likaanguka sakafuni, na pale lilipoangukia akasimama paa.

Alikuwa paa mdogo, dume, na nyuma ya bega alikuwa na tundu lililokauka. Fundi alimfungulia mlango wa nyuma. Paa akatoka, akapita kando ya kituo cha mafuta, akasubiri lori lipite, akavuka barabara kuelekea vilimani.

"Nini hicho?" Baba akauliza kutoka kitini.

"Paa."

"Ejekta inatoa ganda vizuri?"

"Vizuri."

"Endelea, basi."

Akaendelea. Siku ile walitoka kanga wanne, ngiri mmoja aliyemwaga kopo la skrubu, na swala ambao hakuwahesabu. Walitoka kwa kurudi nyuma, wa juzi kwanza, wa zamani baadaye, kama mrija unavyotaka. Jirani yake, msusi mwenye saluni iliyopakana ukuta na karakana, alikuja jioni akiwa na kitana kichwani.

"Fundi, swala wako wamekula maua yangu yote."

"Samahani, jirani. Kazi hiyo."

"Kazi yako naielewa. Lakini nao wafundishe kupita barabarani."

Jumanne alitoka tandala mwenye pembe moja iliyokatika, na Fundi akamtambua. Kichwa chake kilining'inia sebuleni kwa Mwenyekiti. Fundi alikwenda kule mara kwa mara kutengeneza makabati ya bunduki na alikuwa amevisoma vibao vyote, kwa maana kila kichwa kilikuwa na kibao cha shaba na mwaka. Mchana ule Mwenyekiti alipiga simu, anacheka.

"Fundi, ukutani kwangu zimebaki mbao tupu. Wageni wananiuliza kama nimehamia au nahama."

"Ndiyo mtutu unajisafisha, Mwenyekiti."

"Hamna neno. Vilikuwa vinashika vumbi tu." Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Umefika mwaka gani?"

"Tandala yule ni wa mwaka uliofuata mafuriko."

Mwenyekiti aliacha kucheka.

"Basi, inatosha," akasema. "Hapo ifute kwa nje tu. Usiusukume tena huo wenzo, utauchosha bure. Dereva atakuja kesho adhuhuri."

Fundi alikata simu, akakaa. Aliujua ukuta ule. Aliyemfuata tandala, kwa kurudi nyuma, alikuwa nyati, mkubwa kuliko wote, mwenye kibao kirefu kuliko vyote. Nyati huyo ndiye aliyemuua mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Pamba, kwa sababu alitembea bila kishindo. Alikuwa mfuata nyayo, akimtangulia Mwenyekiti porini kila msimu, na mwaka wa mafuriko, akiwa na miaka ishirini na minne, alirudishwa katika jeneza lililopigiliwa misumari. Mwenyekiti mwenyewe alieleza mbele ya watu: nyati alitoka kwenye majani, akamharibu kijana asifae kutazamwa, naye akampiga palepale kwa bunduki hii hii. Mama yao alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru kwamba mnyama hakwenda bure. Fundi alimpa Mwenyekiti kiti cha mbele, karibu na kaburi. Ilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita.

Alitaka kumwona nyati yule usoni. Hakuwa na zaidi ya hilo moyoni.

Jumatano asubuhi alisogeza meza ukutani, akafungua milango yote miwili, akaenda kumwonya msusi.

"Nyati mkubwa?" msusi akauliza.

"Mkubwa."

"Basi nipe dakika ishirini nimalize kichwa cha huyu mama."

Alimpa nusu saa. Saa nne kasoro robo alisimama nyuma ya mlango wa chuma, akasukuma wenzo chini, akaurudisha juu. Ganda liliruka, likabingirika mpaka mguu wa jiliwa. Pamba akainuka kutoka sakafuni, akajipangusa magoti.

Alikuwa amevaa shati lake la kaki, na mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto, palikuwa na tundu linaloweza kuingia kidole. Alimtazama dada yake, mikono, miwani, nywele.

"Dada," akasema, "umekuwa mtu mzima."

"Na wewe umebaki vilevile."

"Mama yuko wapi?"

"Alikufa. Mwaka wa nne huu."

Pamba alitikisa kichwa polepole. "Sikumwona kule. Pengine alipita mlango mwingine."

Fundi alimletea kigoda na maji. Alikunywa yote. Fundi alikaa mbele yake, na akaona kwamba mdogo wake aliyekuwa akigombana naye nani alale ukutani sasa alikuwa na nusu ya umri wake, na kwamba angeweza kumzaa. Alimshika sikio, kama alivyokuwa akimfanyia zamani, kuhakikisha ni la moto. Lilikuwa la moto.

"Nyati alikuwa wapi?" akamuuliza.

"Nyati gani?"

"Aliyekuua."

"Hapakuwa na nyati, Dada. Tulikuwa tunashuka korongoni. Mimi mbele, yeye nyuma. Akateleza, nyundo ikachomoka." Aliligusa bega. "Hakukusudia. Hilo siwezi kumsingizia. Lakini nilikuwa hai bado. Gari tuliliacha juu, mwendo wa dakika kumi. Nikamwambia Mwenyekiti, nibebe, mimi si mzito. Akakaa juu ya jiwe akafikiri."

"Akafikiri nini?"

"Sijui. Uchaguzi ulikuwa mwezi ule, labda alikuwa anafikiri uchaguzi. Alifikiri sana. Mara mbili alisimama, nikadhani anakuja, kumbe anafuata kivuli cha jiwe. Jua lilikuwa utosini nilipoanguka. Lilipotua bado nilikuwa nasikia anavyopumua."

Fundi aliinuka, akachukua bunduki, akasukuma wenzo tena. Akatoka kanga. Akasukuma tena, akatoka kongoni mzee, wa miaka miwili kabla. Nyati hakutokea, na ukutani kwa Mwenyekiti, kama dereva alivyokuja kusema baadaye, kichwa cha nyati hakikuondoka. Kilikuwa cha kununuliwa.

Baba yao alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Pamba alimwendea, akapiga magoti, akamsalimu, "Shikamoo, Baba," na mzee akaitikia huku akimpapasa uso, paji, pua, kidevu, kama anayekagua kazi iliyorudi kutoka kwa mteja.

"Nyundo ina alama yako," Fundi akasema. "Na mwaka ni uleule."

"Nilijua utaiona."

"Alikuletea lini?"

"Siku ya tatu baada ya kuzika." Mzee hakuuondoa mkono usoni mwa mwanawe. "Nikaifungua. Kituo cha katikati kilikuwa kimekatika. Nikamuuliza, imefyatuka yenyewe lini hii? Hakunijibu. Akatazama ukuta pale ilipokuwa leseni ya karakana, sahihi yake iko chini. Akasema, naona binti yako ameanza kazi, hongera. Basi. Nikachonga nyundo mpya."

"Ukakaa kimya miaka ishirini na miwili."

"Nilikaa. Mmoja alikuwa amekwenda. Nilikuwa na mmoja." Akageuza uso kuelekea kwa Pamba, ingawa hakuwa akimwona sawasawa. "Nilichonga vizuri, mwanangu. Haijachomoka tena tangu siku ile."

"Nimeisikia, Baba," Pamba akasema. "Ni kazi nzuri."

Fundi alitaka kupiga kelele. Lakini vyote alivyokuwa navyo, jiliwa, tupa, mafuta, paa la mabati juu ya kichwa chake, mwaka wa kwanza alioshika bisibisi mbele ya wateja wa kiume wakamcheka na baba yake akasema huyu ndiye fundi, vyote vilikuwa vimesimama juu ya ile nyundo. Hakujua ampigie kelele nani. Alimwachia Baba karakana, akavua aproni, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda kituo cha polisi.

Afisa wa zamu alikuwa kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alimwomba Pamba avue shati, akalitazama tundu, akalichora kwenye karatasi kwa uangalifu. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Shida yangu ni moja," akasema. "Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi," Pamba akasema.

"Na aliyeuawa ni nani?"

"Mimi."

"Sasa, ndugu yangu, kama uko hai, hakuna aliyeuawa, nami siwezi kufungua jalada la mauaji. Na kama umekufa, siwezi kuchukua maelezo yako. Nikuandike upande upi?"

"Niandike pande zote," Pamba akasema.

"Fomu ina mstari mmoja."

"Mimi je?" Fundi akauliza. "Mimi ni dada yake. Mimi niko hai."

"Wewe ulikuwepo korongoni?"

Hakuwepo. Afisa aliomba radhi, na alikuwa anamaanisha. Mchoro wa tundu aliwapa waondoke nao, kwa sababu ulikuwa umetoka vizuri.

Walimkuta Mwenyekiti karakana. Alikuwa amekuja mwenyewe badala ya dereva, amekaa kwenye kigoda karibu na baba yao, wanazungumza habari za bei ya mabati. Alikuwa na miaka sabini na minne, na suti iliyopigwa pasi vizuri. Alipomwona Pamba alisimama, akampa mkono.

"Habari za siku nyingi, kijana."

"Nzuri, Mwenyekiti."

"Hukuzeeka hata kidogo. Sisi wenzako unatuona." Akacheka kidogo, halafu akaacha. Alimtazama Pamba kwa muda, na midomo yake ikacheza kama anayetafuta neno alilokuwa nalo sasa hivi. Fundi alingoja neno hilo. Mdogo wake alingoja. Hata Baba aliinua kichwa. Mwenyekiti akageukia meza.

"Hati iko tayari?"

Fundi alichukua fomu ya ukaguzi. Chini ya neno *ubora* aliandika: mtutu mzima, mti mzima, wenzo laini, mizani bora kuliko bunduki zote nilizoshika. Chini ya neno *kasoro* aliandika: iliua mtu, naye akaachwa mpaka akafa. Akatia sahihi, akampa.

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma mara mbili.

"Fundi, hapa wanataka kasoro za chuma," akasema kwa upole. "Haya ya chini ni ya watu." Akaikunja karatasi katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akaichana taratibu. Akabaki na nusu ya juu, ile ya ubora, na ya chini akairudisha mezani. Halafu akaishika bunduki, akasukuma wenzo mara moja kuijaribu. Kwale akatoka, akaruka, akapita dirishani.

"Laini kweli," Mwenyekiti akasema. "Mikono yako ni ya baba yako."

Ijumaa bunduki iliwekwa ukumbini. Watoto wa shule waliletwa kuitazama. Kibao kilisema kwamba ilimtumikia mmiliki wake kwa uaminifu.

Pamba alibaki. Alilala chumba cha Baba, kwenye mkeka, na asubuhi alifagia karakana. Alikwenda mara moja kumwona msichana aliyekuwa amemchumbia. Alikuta mama wa watoto watano aliyemkaribisha vizuri, akamwonyesha picha za harusi ya binti yake wa kwanza. Aliporudi alisema anataka kazi. Kila alikokwenda waliomba kitambulisho, na cha kwake kilikuwa kimetobolewa kona, kama vitambulisho vya marehemu vinavyotobolewa.

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata wote watatu walikwenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani, mwanamke mnene mwenye feni ndogo mezani, alitoa cheti cha kifo kutoka kwenye kabati bila kutafuta sana. Kilisema: nyati.

"Kirekebishwe," Fundi akasema. "Hakuuawa na nyati."

"Cheti cha kifo hakirekebishwi, mama. Kimeshatiwa muhuri. Na hakifutwi."

"Sasa yeye aishi vipi?"

Karani aliielekeza feni upande wa Pamba, maana alikuwa anatoka jasho. "Njia rahisi ni azaliwe," akasema. "Alitokea lini?"

"Jumatano," Fundi akasema. "Saa nne kasoro robo."

"Uzito?"

"Kilo sitini na mbili," Pamba akasema.

Karani akaandika. Alieleza kwamba kwa cheti hiki atapata matibabu ya watoto bure, na akitimiza miaka kumi na minane atapata kitambulisho, ataweza kuajiriwa, kupiga kura na kufungua kesi yoyote anayotaka dhidi ya mtu yeyote aliye hai. Akauliza baba ni nani. Mzee akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kusaini, akasaini mahali pa baba.

"Bado shahidi," karani akasema. "Mtu mwenye heshima zake, anayeifahamu familia kwa muda mrefu."

Mwenyekiti alikuwa mle mle jengoni, akipita ofisi moja baada ya nyingine kuaga wafanyakazi, na karani akamwita kutoka dirishani. Aliingia, akasalimia wote, akasomewa fomu. Aliifahamu familia kwa miaka thelathini na moja. Akaomba kalamu.

"Mtoto wa kiume," akasema alipomaliza. "Hongereni sana."

"Asante, Mwenyekiti," Baba akasema.

Fundi alitazama sahihi ile. Ilikuwa ileile ya kwenye leseni, yenye mkia mrefu. Karani akagonga muhuri kwa nguvu, na kwa kuwa kidau kilikuwa kimejazwa asubuhi ile, wino ukawa mwingi. Akawaambia wasiiguse karatasi, itachafuka, wasubiri ikauke. Ofisi ilikuwa na benchi moja. Wakakaa, Fundi, Baba, Mwenyekiti na Pamba, mabega yakigusana kwa sababu benchi lilikuwa fupi, wakasubiri.